Baba, Havikuwa Virusi

Mpendwa baba,

Barua hii nimeianza mara tatu nikiwa nimesimama. Kila nikikaa, miguu inaniinua. Naenda dirishani, narudi mezani, nachemsha chai nisiyoinywa, nafungua droo ambayo sina ninachokitafuta ndani yake. Wiki iliyopita mama aliniambia kwenye simu kwamba hali hii nimeirithi kwako. "Baba yako naye hakujua kutulia," alisema. "Hata kanisani alikuwa anakaa ukingoni mwa benchi kama mtu anayesubiri lifti." Huenda ni kweli. Basi niache nikuandikie hivi hivi, nikikaa na kusimama, maana kuna jambo la ile flashi ya magemu ambalo sikukuambia, na haliniachi.

Nianze na miaka ya tisini, kabla ya flashi, kabla ya kompyuta. Ulikuwa umetoka Rombo ukiwa kijana, ukaja Karatu kuendesha magari ya wageni, na hukuwa na hesabu ya mara ulizoteremka kreta ya Ngorongoro na kupanda tena. Mama alikuwa na cherehani yake barazani. Mimi nilikuwa mtoto wenu wa pekee. Msimu mmoja wa mvua, wageni wakiwa wachache, ulirudi kutoka Arusha na boksi kwapani.

"Nini hiyo?" mama akauliza.

"TV gemu. Ya mtoto."

Mtoto mwenyewe sikuwa nimeiomba. Nadhani ulikuwa umeiona dukani, ukaigusa, ukashindwa kuiacha.

Televisheni yetu ilikuwa ndogo, ya rangi mbili, na ilitumia betri ya gari uliyokuwa unaiburuza kutoka stoo. Tulicheza Jumapili mchana baada ya ibada, mpaka picha ianze kusinyaa pembeni, tujue betri inakata roho. Kaseti ya gemu ilikuwa ya njano, karatasi yake ya juu ilishabanduka, na ndani yake mlikuwa na magemu mengi. Sisi tulicheza moja tu. Hatukujua linaitwaje. Tuliliita gemu la magari.

Ulikuwa unalicheza kwa mwili mzima. Kona ikija kulia, wewe na kiti mnalala kulia. Na hukuwa unayapita magari mengine kwenye kona hata siku moja. Mimi nilikuwa napiga kelele, "Baba, pita! Pita!"

"Kwenye kona? Mbele huoni."

"Baba, ni gemu!"

"Gemu ndiyo. Lakini kona ni kona."

Ulikuwa unamaliza wa mwisho, gari halina mkwaruzo. Mimi nilikuwa nagonga, nalipuka, naanza upya, nakushinda. Mama alikuwa anasema sauti ya lile gemu inamtia kichefuchefu, lakini hakuwahi kutuambia tuzime.

Kisha nikaenda bweni, nikamaliza shule, nikapata kazi ya uchapaji katika ofisi moja Arusha. TV gemu ikafa bila mtu kuona. Nilikuwa nakuja Karatu sikukuu, nakukuta umetoka safari au unaingia safari, tunakula pamoja mara moja, narudi. Nilidhani ndivyo itakavyokuwa siku zote.

Halafu asubuhi moja mama akapiga simu, akaniambia umeanguka. Ulikuwa umesimama kwenye geti la Ngorongoro unasubiri kibali cha wageni wako, na wageni walifikiri umeinama kufunga kamba ya kiatu. Nilipofika hospitali, upande wako wote wa kulia ulikuwa umelala: mkono, mguu, nusu ya mdomo. Uliniangalia, ukajaribu kuniita jina langu, Ndeshi, jina la mama yako mzazi, likatoka kipande. Nilikushika mkono ule wa kulia. Ulikuwa wa moto, mzito, na haukunishika.

Niliomba ruhusa kazini, nikahamia nyumbani. Maneno yalikurudia baada ya wiki kadhaa, yakiwa mazito kidogo. Mguu ukaanza kuburuzika kwa fimbo. Mkono ukagoma. Ulikuwa unakaa dirishani unatazama barabara ya lami, magari ya wageni yanapanda kwenda Ngorongoro, na wewe unayasikiliza.

"Huyo springi imekatika."

"Huyu anachelewesha gia ya pili. Ataua injini."

Kisha unataka kusimama, unakaa, unataka kusimama tena. Yule mama wa mazoezi ya viungo aliyekuwa anakuja nyumbani alikupa mpira wa kuminya. Ulikuwa unauviringisha chini ya kabati halafu unasema umepotea. Mama anautoa kwa ufagio. Kesho umepotea tena. Yule mama wa mazoezi akanivuta pembeni, akaniambia vidole, hasa kidole gumba, visipotumika miezi hii vitabaki hivyo hivyo mpaka mwisho. "Mtafutie kitu anachokipenda," alisema. "Mpira haupendi."

Ni huo mpira ulionifanya nilale kifudifudi chini ya kabati siku ile. Sikuupata. Nilichovuta kutoka kule kilikuwa pedi ya TV gemu yetu, kile kidude cha vitufe cha kuchezea, waya wake umetafunwa na panya. Nikaifuta vumbi, nikakuwekea mapajani kama mzaha. Ukaishika kwa kushoto. Ukaiangalia. Kisha nikaona kidole gumba cha kulia kinatetemeka, kinatafuta kile kitufe chekundu, polepole, kama mtu anayepapasa ukuta. Hakikufika. Lakini kilitoka mahali pake.

Nilitoka nje nikatembea, sikujua naenda wapi, nikajikuta kwa Paulina.

Paulina unamjua, lakini hukumjua kama mimi. Tulisoma naye shule ya msingi. Alikuwa anatembea na viatu mkononi visichakae, akitokea kwa ndugu zake wa Endamarariek. Sasa alikuwa na steshenari karibu na soko: anachapa barua, anatoa kopi, anachoma sidii, na kompyuta ikiharibika Karatu nzima inapelekwa kwake. Nikamweleza habari ya kidole.

"Magemu ya zamani yale?" akasema. "Yote yanacheza kwenye kompyuta siku hizi. Ni mafaili madogo sana. Flashi moja inayameza yote na inabaki na njaa." Akanionyesha nyuma ya duka kompyuta nzito ya mezani iliyokuwa imekaa kama jiwe. "Ichukue. Mafaili yenyewe katafute Arusha, huku intaneti yetu unaijua."

Nilikwenda Arusha. Nilikaa kwenye kafe ya intaneti kutwa nzima nikingoja mafaili yashuke, nikarudi na flashi nimeivaa shingoni kwa kamba kama kitambulisho. Ulikuwa umeshakaa mbele ya kompyuta, umevaa shati safi. Nikaichomeka. Nikaifungua.

Tupu.

"Umetoka Arusha na kitu kitupu?" ukauliza.

Niliichomoa, nikaichomeka mbele, nikaichomeka nyuma. Nikaipuliza, kama tulivyokuwa tunapuliza kaseti. Nikazima, nikawasha. Tupu. Wewe ulikuwa unagonga sakafu kwa fimbo, tu, tu, tu, na mimi kila pigo lilikuwa linaniingia kichwani. Ikabidi nimwite Paulina. Alikuja na unga wa wino kwenye vidole, akakusalimu "Saita" kwa Kiiraqw chao, nawe ukamwitikia kwa lafudhi yako ya Rombo, mkacheka wote wawili.

Hakuangalia mafaili. Aliangalia nafasi. "Ona hapa. Inasema ni tupu, lakini nafasi imetumika. Vitu vimo, vimefichwa."

"Kavificha nani?" ukauliza.

"Virusi, mzee. Flashi ikilala kwenye kompyuta za kafe inaamka na mafua."

Akafungua ule ukurasa mweusi wa kuandikia amri, akaandika mstari mmoja wa maneno, akabonyeza. Mafaili yakaanza kutokea moja moja, kisha kundi zima, mpaka yakajaza kioo.

Tukadhani tumemaliza. Nikabofya la kwanza, kompyuta ikauliza ilifungue na nini. Paulina akaeleza kwamba faili peke yake ni kaseti bila mashine. Lazima iwepo programu ya kuigiza mashine ile. Alikuwa nayo kwenye sidii zake. Akaiweka, akaunganisha pedi mpya, akageuka kwetu.

"Haya. Lenu linaitwaje?"

Nilikuangalia, ukaniangalia. Mafaili yalikuwa zaidi ya mia mbili, majina yamekatwakatwa, mengine herufi na namba tu, mengine lugha ambayo hakuna aliyeijua. Na gemu letu halikuwa na jina.

"Basi," ukasema, "tutafungua moja moja."

Nikupe siri, kama hukuijua. Kila gemu lilikuwa na ukurasa wa mwanzo, na ili uupite lazima ubonyeze kitufe. Ningeweza kukibonyeza mimi kwenye kibodi. Nilikupa wewe. Nikakuambia, "Kazi yangu kufungua, kazi yako kubonyeza. Kwa gumba la kulia, kushoto kunakosea." Uongo mtupu. Siku ya kwanza gumba lilikuwa linateleza, unaliinua kwa mkono wa kushoto na kuliweka pale kama mtu anayemkalisha mgonjwa kitandani. Tulifungua magemu sita tu. Siku ya nne tulifungua ishirini. Wewe ulikuwa unatafuta magari. Mimi nilikuwa naangalia kidole.

Walipita vyura wanaoruka, ndege za vita, mtu anayevua samaki, vifaru, mpira wa miguu wa watu wenye vichwa vikubwa.

"Siyo."

"Na hili?"

"Siyo. Linalofuata."

Tulikutana na magemu mawili ya magari, na mara zote mbili ulisogea mbele, mara zote mbili ukarudi nyuma. Wiki ikapita. Kulikuwa na joto, umeme ulikuwa unakatika katikati ya kazi, tukirudi hatujui tulifika wapi. Nilikuwa sijaenda kazini muda mrefu. Nilikuwa nakuosha, nakulisha, nakuchua, na kila jambo ulikuwa unalipokea umegeuza uso. Sikukulaumu. Lakini nilichoka, baba. Nilichoka mpaka kwenye meno.

Ndipo ikaja ile siku. Gemu lilifunguka, lilikuwa la katuni za watoto wadogo, muziki wake wa kitoto. Ulibonyeza, halikwenda. Ukabonyeza tena. Ute ulikuwa umekutoka pembeni ya mdomo, nikanyoosha kitambaa nikufute, na hapo ukairusha pedi ukutani.

"Mnanichezea! Mimi ni dereva. Dereva! Siyo mtoto wa kubembelezwa na katuni!"

Na mimi nikasema, "Dereva wa gari gani?"

Nililisikia lile neno likitoka na nikashindwa kulirudisha. Cherehani ya mama ilinyamaza barazani. Ulinitazama, kisha ukageuza kiti, kwa shida, ukaelekea dirishani.

Nilibaki mbele ya kompyuta. Flashi ilikuwa imekwama, haisomi wala haitoki, na kikatokea kile kidirisha kinachouliza kama unataka kuifomati. Wewe hukujua maana yake. Mama hakujua. Mimi nilikuwa nafanya kazi na kompyuta kila siku, nilijua kwamba ukikubali, kila kitu kinafutika.

Nilibonyeza ndiyo.

Haikuchukua hata muda wa kuvuta pumzi mbili. Kisha nikasimama, nikasema kwa sauti, mama asikie na wewe usikie, "Virusi vimekula kila kitu. Basi, imekwisha." Nikaichomoa flashi nikaiacha mezani, nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa visafi.

Kesho yake asubuhi nilikwenda sokoni. Niliporudi kiti chako kilikuwa kitupu. Fimbo haipo. Mama alikuwa nyuma ya nyumba anaanika nguo, akasema alikuacha dirishani. Tulikuita. Nikaangalia chooni, nikaangalia stoo, nikatoka barabarani bila viatu. Gari lilipita kwa kasi, nikaruka kando. Niliwaza ya kuwaza: umejitupa barabarani, umepanda gari la rafiki zako madereva kwenda kuanguka tena kulekule ulikoanguka mara ya kwanza. Nikakimbilia stendi. Nikawauliza watu, nikakimbia tena. Mama mmoja muuza ndizi ndiye aliyenisimamisha.

"Unamtafuta mzee wa fimbo? Alipumzika hapa kwenye jiwe langu. Nikataka kumshika mkono, akanikatalia. Ameelekea kule kwa wapiga kopi."

Kutoka nyumbani hadi kwa Paulina ni mwendo mfupi kwa mtu mzima wa afya. Wewe ulikuwa umeutembea karibu asubuhi yote. Nilikukuta umekaa kwenye kiti cha wateja, jasho limelowesha mgongo, ncha ya kiatu cha kulia imelika kwa kuburuzwa. Paulina alikuwa amepiga magoti mbele yako, ameushika mkono wako wa kulia, anavifungua vidole kimoja kimoja. Ndani ya ngumi ile mlikuwa na flashi.

"Nimemuuliza kwa nini hakuitia mfukoni," Paulina akaniambia.

Hukuniangalia. Ulisema, "Mkono wa kushoto una fimbo. Wa kulia ulikuwa hauna kazi. Nikaupa kazi."

Ulikuwa umeifumbata njia nzima. Umeifumbata kiasi kwamba ngumi haikuweza kufunguka yenyewe. Na ule ndio mkono ambao wiki chache nyuma haukuweza kushika vidole vyangu.

Paulina akaichomeka. Akaangalia muda mrefu. Kisha akainua macho, akaniangalia mimi, siyo wewe, na nikajua kwamba amejua. Virusi vinaficha, virusi vinaharibu, lakini flashi iliyofomatiwa ina sura yake.

"Ni virusi gani hivyo, binti yangu?" ukamuuliza.

"Viko vya aina nyingi, mzee."

Ukatikisa kichwa. "Hiki kilichoingia kwangu nakijua. Kina hasira, lakini hakina roho mbaya."

Nilitoka nje nikasimama katikati ya baiskeli za watu, nikalia nimeziba mdomo kwa khanga. Hukuwahi kuniuliza. Miezi yote iliyofuata hukuniuliza, na mimi sikupata siku ya kusema. Kila nilipotaka kusema, nilisema habari za mvua. Sasa nasema: havikuwa virusi, baba. Ni mimi. Na lile neno la gari gani, nalo nalitubu, ingawa najua limechelewa kufika.

Paulina alikuwa na programu ya kuchimbua vilivyofutwa. Alituambia kwamba kilichofomatiwa hivi karibuni bado kimo chini, mradi hakuna aliyeandika kitu juu yake. Ilifanya kazi mpaka mchana. Ulikataa kurudi nyumbani. Ulinywa chai hapo, ukawaeleza wateja wake jinsi ya kumvuta mgeni aliyekwama kwenye tope. Mafaili mengi yalirudi. Majina hayakurudi. Yalikuja na namba tu, na mpangilio tofauti, hata yale tuliyokwisha kuyakataa yakachanganyika na mengine.

Nilitaka kukaa chini sakafuni. Wewe ulisema, "Haya. Tuanze na moja."

Tulianza na moja. Siku ya tatu, kabla hata picha haijatokea, muziki ulilia na mkono wako ukainuka wenyewe. Wa kulia. Mama aliingia kutoka barazani na kitambaa mkononi na pini mdomoni, akazitema.

"Hilo! Hilo ndilo lililokuwa linanitapisha Jumapili!"

Lakini halikutaka kutupa raha upesi. Magari yalikuwa yanakwenda kasi kama inzi, kabla hujageuka umeshagonga. "Hili halina breki," ulisema. Kompyuta ilikuwa inalikimbiza kuliko mashine ile ya zamani. Paulina akaja, akatafuta mahali pa kulipunguza, akajaribu, likawa zito kama linapanda mlima, akajaribu tena, likakaa sawa. Kisha akakuuliza vitufe vikae vipi.

"Mafuta niwekee kulia," ukasema.

"Kushoto si ndiko rahisi, mzee?"

"Kulia."

Ukaanza kuendesha. Ulimaliza sehemu iliyonyooka, kona ikaja, kiti na wewe mkalala upande, na gumba likashindwa kuachia mafuta. Ukagonga. Gari likalipuka. Wewe, ambaye miaka yote ile hukuwahi kugonga. Nilingoja pedi iruke ukutani.

Ulicheka. Nusu ya uso ilicheka, nusu nyingine ikawa inajitahidi kufuata. Kilikuwa kicheko chako cha kwanza tangu hospitali. "Kumbe ndiyo raha uliyokuwa unapata," ulisema. "Rudisha. Anza tena."

Baada ya hapo hatukukulazimisha tena. Ulicheza kila siku baada ya chakula cha mchana. Yule mama wa mazoezi alikuja akakukuta katikati ya mashindano, ukamwambia asubiri. Kikombe ukakishika. Kitufe cha shati ukakifunga, kimoja, kisha viwili. Siku moja uliandika jina lako nyuma ya bahasha, ukampelekea mama kwenye cherehani, akaiweka ndani ya Biblia. Mguu haukupona, na kazi hukurudishiwa, na hilo sitalipamba. Lakini mkono ule uliurudisha mwenyewe.

Mimi nikarudi Arusha. Ulikuwa unanipigia Jumapili. Halafu ukapiga siku isiyokuwa Jumapili.

"Njoo Jumamosi," ulisema. "Rafiki yangu ananiazima gari. Nataka nikufundishe kuendesha. Ulikaa miaka yote hiyo na dereva ndani ya nyumba, hujui hata kuweka gia. Mimi nitakaa pembeni. Mkono sasa unatosha kuonyesha."

Nikasema, "Jumamosi nina kazi, baba. Wiki ijayo."

Sikuwa na kazi. Nilikuwa nimechoka tu, nilitaka kulala, na nilitaka Jumamosi moja isiyonuka dawa ya kuchua.

"Sawa," ulisema. "Wiki ijayo siyo mbali."

Jumatano mama alidhani umesinzia kwenye kiti.

Tulikuzika Rombo, kihambani, kwenye shamba la ukoo, karibu na kaburi la bibi Ndeshi. Paulina alifunga duka akaja mpaka kule. Na tangu siku hiyo ndipo nimekuwa hivi nilivyo, siwezi kukaa. Nalala robo saa, naamka. Nikipanda basi nashuka kituo kimoja kabla, nitembee. Rafiki zangu waliniambia ni majonzi, yatapita. Mimi nadhani ni ile Jumamosi. Ilibaki ndani yangu haijatumika.

Basi nikajiandikisha kujifunza udereva hapa Arusha. Mwalimu ni mkali, ana sauti ya bati, alinifukuza garini mara mbili. Klachi ilinitoa machozi. Nilikuwa najifunza saa kumi na mbili asubuhi kabla ya kazi, na kwa saa ile moja, baba, mwili wangu ulikuwa unatulia. Nimefanya mtihani. Nimepata leseni. Juzi Jumamosi mwenzangu wa ofisini aliniazima gari lake, nikaliendesha kwenda Karatu kumwona mama.

Mpaka Mto wa Mbu nilikuwa salama. Kisha ukaja ule mlima unaoujua. Nilianza kuupanda vizuri, kwenye kona ya katikati nikachelewa kubadilisha gia, gari likatikisika, likazima. Likaanza kurudi nyuma. Nikakanyaga breki kwa nguvu zangu zote. Nyuma yangu kulikuwa na lori limejaa, likapiga honi, na nyuma ya lori magari ya wageni, nayo yakapiga honi. Jasho lilinitoka mikononi, usukani ukawa unateleza. Niligeuka kushoto, kwenye kiti cha abiria, nikafungua mdomo nikuulize nifanyeje.

Kiti kilikuwa na mkoba wangu tu, na mkate wa kumpelekea mama.

Nikalia kidogo, honi zikiendelea. Kisha nikavuta hendibreki. Nikaweka gia ya kwanza, nikawasha, nikaachia klachi taratibu mpaka nikahisi gari linataka kwenda, nikashusha hendibreki. Likapanda. Dereva wa lori akanipungia mkono nilipompisha kule juu.

Pumzika, baba. Nimefika.

Mwanao,
Ndeshi